Zana na Chambo: Ushauri kwa Anayeingia Ziwani Kutoka Bweri

Kila mwaka wako watu hapa Bweri, Musoma, wanaopata fedha kidogo na kuamua kuingia ziwani. Mmoja ameuza ng'ombe, mwingine amepokea kiinua mgongo, mwingine amerudi na akiba yake kutoka machimbo ya Nyamongo au Buhemba. Wengi huanza kwa kwenda dukani. Hununua wavu ambao muuzaji ameusifia, hununua mtumbwi wa mtu anayeacha kazi, na baada ya hapo ndipo huuliza samaki wako wapi. Miezi michache ikipita, wavu umechanika au umekamatwa, na mtaji umekwisha.

Ushauri wangu ni mmoja, na mengine yote yanatokana nao: anza na samaki, si na duka. Chagua samaki mmoja unayetaka kumvua. Jua anakaa maji gani, anakula nini, anatembea saa ngapi, na sheria inamtaka awe na urefu gani ndipo avuliwe. Ukishayajua hayo, samaki mwenyewe atakuwa amekuchagulia zana na chambo, na fedha yako itakwenda panapostahili.

Ziwa ndilo pori letu

Mkoa wa Mara una mawindo ya nchi kavu na mawindo ya majini. Ya nchi kavu mlango wake ni mwembamba: ndani ya Hifadhi ya Serengeti hakuna uwindaji, na nje ya hifadhi mnyamapori haguswi bila kibali cha serikali. Kijana anayetega nyaya porini anaweka rehani uhuru wake na chakula cha watoto wake. Ziwa Victoria, kwa upande wake, linaingiwa kwa leseni ambayo mwananchi wa kawaida anaweza kuipata. Ndiyo maana nazungumzia samaki.

Ziwa hili lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na karibu nusu ya maji hayo yako Tanzania. Kina chake kirefu kabisa ni kama mita 80 tu. Lakini usilichukulie kuwa ni maji ya namna moja. Ghuba ya Mara, unakoishia Mto Mara baada ya kupita Daraja la Kirumi, ina tope na matete mengi. Magharibi ya mji wa Musoma maji hufunguka na kuwa marefu kuelekea visiwa kama Rukuba. Kusini, upande wa Bunda, kuna Ghuba ya Speke. Zana iliyomfaa mtu wa Kirumi inaweza isimfae mtu wa Rukuba hata kidogo, kwa hiyo unapomsikia mvuvi akisifia wavu wake, muulize kwanza anautega wapi.

Kuna makundi manne ya samaki ambayo mtu wa hapa anaweza kuyalenga.

Sangara ndiye mwenye soko la viwanda na la nje ya nchi, na bondo lake, yaani kifuko chake cha hewa, huuzwa kwa bei kubwa kuliko nyama. Alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ni mwindaji anayetegemea macho. Hula furu, dagaa, uduvi wa ziwani na hata sangara wadogo. Anahitaji mtumbwi imara, injini na barafu, kwa hiyo mtaji wake ni mkubwa.

Sato hupenda maji mafupi karibu na miamba na majani. Hula mwani, wadudu na mabaki ya mimea. Soko lake liko hapa hapa mjini, nyumbani na hotelini, na mtu wa mtaji wa kati anaweza kuanza naye.

Dagaa huvuliwa usiku kwa mwanga. Kazi yake inahitaji kikosi cha watu, taa, wavu wa macho madogo na mahali pa kuanikia.

Kambale na kamongo wanakaa kwenye matope, matete na mabwawa, hasa maeneo ya chini ya Mto Mara upande wa Butiama. Mtaji wake ni mdogo kuliko wote: migono michache, ndoano na mtumbwi wa kasia.

Usinunue zana za makundi yote manne kwa pamoja. Mtu mwenye wavu wa sangara vipande viwili, taa mbili za dagaa na ndoano kiasi hana zana ya kutosha kwa kazi yoyote kati ya hizo.

Wavu: pima kabla ya kulipa

Nyavu za kutega ambazo wavuvi wa kanda hii huziita makila hufanya kazi kwa jicho. Samaki mdogo hupita, samaki mkubwa mno hugonga na kugeuka, yule wa kiasi chake hunasa shingoni. Kwa hiyo ukichagua jicho umechagua ukubwa wa samaki utakayemleta mwaloni.

Jicho hupimwa likiwa limevutwa: kutoka fundo hadi fundo la pili lililo mkabala nalo. Kwa sangara, kiwango cha chini kinachosimamiwa upande wa Tanzania ni inchi 6, yaani sentimita 15 na kidogo. Nenda dukani na rula yako. Vuta macho kadhaa sehemu mbalimbali za wavu, si yale ya mwanzoni tu, na upime kila moja. Karatasi iliyobandikwa kwenye mfuko haitakutetea mbele ya doria. Kinachopimwa pale ni wavu.

Baada ya jicho, tazama uzi. Fungua ncha ya uzi kwa kucha. Uzi wa nailoni unaokubalika hufumuka na kuonyesha nyuzi ndogondogo zilizosokotwa pamoja. Ukikuta ni uzi mmoja mgumu, unaong'aa na kupitisha mwanga, hiyo ni timba, na timba imepigwa marufuku. Muuzaji atakuambia kwamba timba haionekani majini, na kweli inanasa vizuri mwanzoni. Lakini hukatika upesi, haishoneki vizuri, na kipande kinachobaki chini ya maji huendelea kuua samaki ambao hakuna atakayewala wala kuwauza.

Tazama pia unene wa uzi. Uzi mwembamba hunasa vizuri zaidi kwa sababu ni laini na samaki hauhisi mapema, ila sangara mkubwa huupasua. Uzi mnene hudumu lakini huonekana. Kwa sato kwenye maji mafupi, uzi mwembamba unatosha. Kwa sangara wa maji marefu, ongeza unene na ukubali kwamba usiku mwingine utanasa wachache zaidi. Kisha vuta mafundo kwa nguvu kwa vidole viwili. Fundo linaloteleza leo, jicho lake litakuwa limepoteza umbo baada ya wiki chache za kazi.

Wavu haukamiliki bila kamba, maboya na uzito. Unapoufunga kwenye kamba, usiuvute ukawa umekaza kama ukuta. Wavu uliolegea kiasi, ambao mita mbili za nyavu zimefungwa kwenye kama mita moja ya kamba, hushika samaki vizuri zaidi kwa sababu jicho hubaki wazi na nyuzi hukubali kuviringika. Nunua sindano ya kushonea siku hiyo hiyo ya kununua wavu, na ujifunze kushona. Wavu wenye tundu moja lisiloshonwa huwa na matundu kumi mwisho wa wiki.

Kwa nini nasisitiza jicho kubwa? Sheria ipo, lakini hesabu pia ipo. Uzito wa samaki hukua haraka kuliko urefu wake: urefu ukizidishwa mara mbili, uzito huongezeka kama mara nane. Sangara wa sentimita 25 akiachwa afike sentimita 50, yule yule mmoja anakuwa na nyama ya wanane. Kiwango cha chini cha sangara ni sentimita 50, na cha sato ni sentimita 25. Majike ya sangara huchelewa kukomaa kuliko madume, kwa hiyo hata anayezingatia kiwango hicho bado anavua baadhi yao kabla hawajataga. Anayevua chini yake anavua mtaji wa mwakani, wa kwake na wa jirani yake.

Ndoano: namba na umbo

Sangara huvuliwa pia kwa kamba ndefu yenye ndoano nyingi, inayotegwa jioni na kuvutwa alfajiri. Njia hii ina faida ambayo wapya wengi hawaijui. Samaki aliyenasa kwenye wavu hufa mapema na kukaa majini usiku kucha; akifika kiwandani, ngozi imeshapoteza mng'aro na nyama imelegea. Samaki wa ndoano mara nyingi hutolewa akiwa hai, na ukimweka kwenye barafu papo hapo, ubora wake unakuwa wa juu.

Namba za ndoano humchanganya mgeni: kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo ndoano inavyokuwa ndogo. Ndoano ndogo yenye chambo kidogo itakuletea sangara wadogo ambao huruhusiwi kuwauza. Nunua ndoano kubwa, uzitie chambo kikubwa, na upunguze idadi ikiwa fedha haitoshi. Kagua ncha kwa kuikwaruza taratibu juu ya ukucha: ikiteleza, ni butu, ikishika, ni kali. Pinda ndoano moja kwa koleo. Chuma kibaya hunyooka au hukatika hapo hapo, na ni afadhali kikuonyeshe udhaifu wake dukani kuliko samaki wa kilo 20 akiuonyesha majini.

Ukipata ndoano zenye umbo la duara, ambazo ncha yake imegeukia ndani, zijaribu. Hizi hushika pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa hadi tumboni. Samaki hukaa hai muda mrefu, na aliye mdogo unaweza kumtoa na kumrudisha akapona.

Chambo: jicho, pua na nuru

Samaki huvutwa kwa njia tatu. Yuko anayefuata anachokiona kikitikisika, yuko anayefuata harufu, na yuko anayefuata nuru. Ukijua samaki wako yuko upande gani, hutatupa fedha kwenye chambo kisichomhusu.

Sangara hufuata jicho. Anavutwa na kiumbe kinachohangaika, kwa hiyo chambo hai humshinda mfu. Furu ni chambo kizuri lakini hufa upesi kwenye ndoano. Kambale mdogo, ambaye wengine humwita mumi, ndiye anayesifiwa zaidi, na sababu yake inaeleweka: ana uwezo wa kupumua hewa, kwa hiyo hudumu kwenye ndoo na kwenye ndoano kuliko samaki wengine. Unapomtunga, pitisha ndoano kwenye nyama ya mgongoni bila kugusa uti wa mgongo. Ukiugusa, chambo kinakufa ganzi na kazi yake imeisha. Weka vyambo kwenye chombo kipana chenye kivuli, badilisha maji ya ziwa mara kwa mara, na usivijaze hadi vikaanza kukosa hewa.

Kambale wakubwa na kamongo hutegemea zaidi pua na mguso. Wanaishi kwenye maji ya tope ambako macho hayana kazi. Hawa wavutie kwa vipande vya samaki vyenye damu au utumbo wa kuku. Chambo kilichochina kidogo kinawafaa, kilichooza kabisa hapana, kwa sababu hulainika na kutoka kwenye ndoano. Ukitega migono kwenye matete ya Mto Mara, funga chambo katikati ya mgono ndani ya kitambaa chenye matundu, ili harufu itoke na chambo kibaki. Elekeza mlango upande ambao maji yanakwenda, maana samaki hufuata harufu kwa kupanda mkondo.

Sato naye ni wa kubembelezwa. Kwa mshipi, minyoo ni chambo cha uhakika, na donge dogo la ugali mgumu hufanya kazi pia. Ndoano iwe ndogo kuliko ya sangara, kwa kuwa mdomo wake ni mdogo. Kaa kimya, na usitupe kivuli chako juu ya maji mafupi. Wanaovua sato kwa kupiga maji ili wakimbilie wavuni wanafanya kosa kisheria, na wanawafukuza samaki kutoka kwenye mazalia yao.

Sasa niseme jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha kwenye mialo yetu. Chambo chenyewe kinatoka wapi? Sehemu kubwa ya chambo hai imekuwa ikipatikana kwa kokoro na nyavu za macho madogo ufukweni. Kokoro hukokota kila kitu: mayai ya sato, vifaranga vya sangara, majani ya kujifichia. Mtu anaweza kuwa na ndoano halali kabisa huku chambo chake kimevuliwa kwa zana haramu, na hasara anayolisababishia ziwa ikawa kubwa kuliko ya jirani yake mwenye timba.

Dawa ipo, na inaweza kuwa biashara kwa watu wa Bweri wasiopenda kwenda ziwani. Kambale wanafugika kwenye bwawa dogo, na wafugaji wa Uganda na Kenya wamekuwa wakiuza vifaranga vyake kwa wavuvi wa ndoano kama chambo. Mwenye kiwanja, maji ya uhakika na uvumilivu anaweza kufanya hivyo hapa. Jambo la kuzingatia ni kuwatenga kwa ukubwa kila baada ya siku chache, kwa sababu kambale hula wenzao wadogo bila huruma. Pata vifaranga na mafunzo kupitia kwa afisa uvuvi wa halmashauri kabla ya kuchimba shimo. Kina mama wenye vikundi wangefanya vizuri sana katika kazi hii: wanunuzi wako karibu, na haihitaji kulala majini.

Kuhoji chambo si jambo la kwetu tu. Huko Marekani, wanaowinda swala wa kule wenye pembe za matawi walizoea kuwamwagia mahindi na chumvi ili wakusanyike. Ikaonekana kwamba wanyama wanaokula mahali pamoja huambukizana kwa urahisi ugonjwa mbaya wa ubongo, na majimbo kadhaa yakaweka marufuku. Jimbo la Michigan lilipiga marufuku chambo cha aina hiyo katika sehemu yake kubwa ya kusini kuanzia mwaka 2019. Kinachomvuta mnyama kina athari zake, na mwindaji makini huziuliza kabla ya kukitumia.

Kuhusu sumu sina maneno mengi. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya taarifa za watu kuvua kwa dawa za kuulia wadudu, na walioumia ni wavuvi wa nchi zote tatu zinazolizunguka ziwa, wakiwemo waliokuwa hawajawahi kushika sumu. Ukimwona mtu anamwaga dawa majini, toa taarifa siku hiyo hiyo.

Taa za dagaa

Dagaa hukaa chini mchana na hupanda juu usiku kufuata vijidudu wanaowala. Mwanga huwakusanya vijidudu hao na dagaa wenyewe. Kwa miaka mingi kazi hii ilifanywa kwa karabai, na bado ziko zinazotumika. Ila mafuta ya taa ni gharama ya kila usiku, vioo huvunjika, na mafuta yakimwagika huharibu harufu ya dagaa na bei yake. Taa za betri zinazochajiwa kwa sola zina bei kubwa siku ya kununua, lakini baada ya hapo gharama ya usiku hushuka sana.

Unapochagua taa ya sola, angalia mambo haya. Betri iwe na uwezo wa kuwaka usiku kucha, na uijaribu nyumbani hadi asubuhi kabla ya kuipeleka majini. Mfuniko uwe na mpira wa kuzuia maji. Boya lake liwe pana lisilopinduka kwa mawimbi. Usidanganyike kwamba mwanga mkali zaidi ndio bora: mwanga mkali mno huvuta pia vifaranga vya sangara na furu kutoka mbali, nawe utatumia asubuhi kuwachambua. Nguvu ya taa na idadi yake vina masharti, kwa hiyo uliza ofisi ya uvuvi kabla ya kununua.

Wavu wa dagaa usiwe na jicho chini ya milimita 8. Na ratiba yako ifuate mwezi: usiku wa giza ndio wa kazi, mbalamwezi ikiwa kali, taa zako hazina nguvu ya kushindana nayo. Siku hizo za mwezi mpevu tumia kushona nyavu na kukarabati mtumbwi.

Usisahau kwamba chanja ni sehemu ya zana za dagaa. Dagaa walioanikwa juu ya chanja hukauka upesi na hawana mchanga, na mnunuzi hutofautisha kwa kuonja tu. Ikiwa fedha yako inatosha ama kuongeza taa au kujenga chanja, jenga chanja.

Soma maji na majira

Zana nzuri ikitegwa mahali pabaya hurudi tupu. Wakati wa upepo wa Juni hadi Agosti, maji ya ziwa huchanganyika kutoka juu hadi chini, hewa hufika chini, na samaki hutawanyika hata kwenye kina kirefu. Miezi ya joto na mvua, maji hujipanga tabaka, na tabaka la chini kwenye kina kirefu hukosa hewa. Wavu uliotegwa chini kabisa katika miezi hiyo unaweza kukaa usiku mzima bila kitu, si kwa sababu samaki wamekwisha bali kwa sababu hawawezi kupumua pale. Upandishe kwa kupunguza uzito na kuongeza maboya, au usogee kwenye maji mafupi kidogo.

Ziwa hili lina radi na dhoruba nyingi za usiku na alfajiri, saa ambazo wavuvi wengi wako majini. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kabla ya kutoka. Jaketi la kuokolea maisha liwe la kwanza kwenye orodha ya manunuzi, na liwe moja kwa kila mtu ndani ya mtumbwi, akiwemo kibarua wa siku moja. Ongeza kasia za akiba hata kama una injini, kopo la kukombea maji, filimbi, tochi, na simu iliyofungwa kwenye mfuko usiopitisha maji. Tajiri anayenunua injini mpya na kuwaacha vijana wake bila majaketi amekosea mpangilio wa mambo, na ni haki yao kukataa kutoka.

Ukifanya kazi kwenye maji mafupi yenye majani, vaa buti za mpira. Kichocho kipo kwenye fukwe hizi, na mamba na viboko pia. Usisimame ndani ya maji usiku kukagua mgono peke yako.

Orodha ya mwisho kabla ya kulipa

Nenda kwanza ofisi ya afisa uvuvi, kisha dukani. Uvuvi unaongozwa na Sheria ya Uvuvi namba 22 ya mwaka 2003 na Kanuni za mwaka 2009, ambazo zimekuwa zikirekebishwa. Afisa atakuambia vipimo vinavyotumika sasa, utaratibu wa leseni, na namna ya kusajili chombo chako. Mwaka 2018, wakati wa operesheni dhidi ya uvuvi haramu, nyavu nyingi ziliteketezwa kwa moto kuzunguka ziwa, na baadhi ya wenye nyavu hizo walikuwa wamezinunua dukani wakiamini kwamba kinachouzwa hadharani ni halali. Risiti haibadilishi wavu haramu kuwa halali.

Pita pia kwa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, cha mwalo unaotaka kutumia. Wao wanajua mazalia yako wapi, nani anatega wapi, na wezi wa nyavu wanapita saa ngapi. Weka alama yako kwenye maboya na kwenye mtumbwi ili zana zikipotea zitambulike.

Ikiwa mtaji haukutoshi, usikimbilie mkopo wa mnunuzi atakayekulazimisha kumuuzia kwa bei yake. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Jiungeni, sajilini kikundi, andikeni mpango wenye samaki mmoja na zana zake, na muombe.

Vijana wa Bweri, ziwa hili litawalisha ninyi na watoto wenu mkiliingia kwa rula mkononi. Pimeni jicho, pimeni samaki, ulizeni chambo kimetoka wapi. Yule ambaye hajafika kiwango, mrudisheni majini akiwa hai.